Barua kwa mwanangu: Jáchymov, kabla hujapanda basi

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Umesema wenzako wa chuo hapo Praha wanakualika wikiendi kwenda Jáchymov, ule mji wa migodi na bafu huko Cheki, ukauliza kuna nini huko, na hayo maji yenye mionzi ni salama kweli, na kama mama yako angefaa kuletwa kwa ajili ya magoti yake. Nimefurahi umeuliza maana huo mji naujua, nilipelekwa na chuo cha Ostrava tukiwa wanafunzi wa madini miaka ile ya themanini, na haujanitoka moyoni mpaka leo.

Panda basi mpaka Karlovy Vary, alafu uchukue lingine linalopanda milimani, ni kama kilomita 20 tu. Hiyo ni milima ya Krušné hory, ukivuka upande wa pili umeshaingia Ujerumani. Mji wenyewe ni mdogo, watu kama elfu mbili na kitu, umebanwa kwenye bonde jembamba kiasi kwamba nyumba zimepangana barabara moja ndefu inayopanda, bafu na hoteli ziko chini, mji wa zamani uko juu. Ukitaka kuona mbali panda Klínovec, mita 1,244, ndo kilele kirefu kuliko vyote kwenye milima hiyo.

Sasa sikiliza hii. Mwaka 1516 bwana mmoja wa ukoo wa Schlick alianzisha mji hapo baada ya kupatikana madini ya fedha, na kwa Kijerumani ukaitwa Sankt Joachimsthal, yaani bonde la Mtakatifu Yoakimu. Watu wakamiminika, kwenye miaka ya 1530 ulikuwa na watu kama 18,000, kwa Bohemia yote, nchi ambayo leo ni sehemu ya Cheki, ulizidiwa na Praha peke yake. Schlick akaanza kupiga sarafu nene za fedha, karibu gramu 29 moja, watu wakaziita Joachimsthaler, baadaye wakafupisha wakabaki na thaler, na hilo neno ndo likatembea likawa dola. Nasi tukalipokea, si unajua shilingi tano tulikuwa tunaiita dala, na konda alikuwa anaita "dala dala!" kwa sababu ndo ilikuwa nauli? Hata riale za Maria Theresa walizohesabia wazee wetu Unguja zilikuwa za ukoo huohuo wa thaler. Nilipoiona ile sarafu kwenye makumbusho pale mintini, yaani kiwanda cha zamani cha kupigia sarafu, upande mmoja simba mwenye mikia miwili, upande mwingine mzee Yoakimu amesimama, nilikumbuka kituo cha Kariakoo nikashindwa kuondoka mpaka mwalimu akaja kunivuta.

Fedha ilipopungua wachimbaji wakawa wanakutana na jiwe jeusi zito, wakaliona ni jiwe la nuksi maana likitokea ujue fedha imeisha. Kumbe ndani yake kuna urani, madini yenye mionzi. Baadaye walilitumia kutengeneza rangi za vioo, mabaki wakawa wanayamwaga tu msituni, na hayo mabaki ndo mwanasayansi Marie Curie aliyoyaomba, yakafika Paris kwenye magunia, vumbi la kahawia limechanganyika na majani ya misonobari. Alichemsha tani na tani za uchafu ule, na mwaka 1902 akawa amepata sehemu ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu, kitu chenye mionzi mikali kuliko urani. Fikiria subira hiyo mwanangu. Kwa miaka mingi Jáchymov ilikuwa moja ya vyanzo vikubwa vya radiamu duniani, mpaka miaka ya 1920 Wabelgiji walipoanza kuitoa kwenye mawe ya Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, ndo watu wa Jáchymov wakashikwa shingo.

Kuhusu maji. Yanapampiwa toka mgodi wa Svornost, maana yake Umoja, ulioanza 1518 na bado unafanya kazi, yanatoka mita 500 chini. Mwaka 1906 wakaanza kuogeshea wagonjwa, bafu za kwanza duniani za radoni, yaani gesi yenye mionzi iliyomo kwenye maji hayo, na 1912 ikajengwa hoteli ya Radium Palace, jumba jeupe utaliona tu. Nilitia mkono kwenye maji yale, ya uvuguvugu, hayana harufu wala rangi, mtu asipokwambia hujui. Wewe kutembea mjini wikiendi usiwe na wasiwasi. Bafu zenyewe ni tiba, unapangiwa na daktari, dakika kama 20 kwa siku, wiki kadhaa, wajawazito hawaruhusiwi. Wengi wa huko wanaapa viungo vinalegea, ila mionzi ni mionzi na wachimbaji wa zamani walikufa sana kwa kansa ya mapafu kwa kuvuta radoni ileile miaka nenda rudi. Kwa hiyo mama yako aanze na daktari wake hapa, akikubali mimi mwenyewe nitamleta.

Kuna kitu sisi hatukuambiwa kabisa, nimekuja kukijua baadaye na kimeniuma. Baada ya wakomunisti kushika nchi 1948, urani ya pale ilichimbwa na wafungwa wa kisiasa, mapadri, wakulima, vijana wa umri wako, inapelekwa Urusi kwa ajili ya mabomu. Walijiita mukl, kifupi cha mtu aliyepangiwa kumalizwa. Karibu na Ostrov, njia hiyohiyo mnayopita, kuna mnara wa matofali mekundu unaitwa Mnara Mwekundu wa Kifo, humo walikuwa wanasaga mawe na kuyajaza kwenye mapipa, vumbi lote linaingia kifuani, hakuna kinga. Tangu 2019 uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na migodi ya milima ile. Sisi tulipita pale na basi tunaimba. Naomba ushuke, usimame hata dakika tano kwa niaba yangu.

Alafu nenda mintini ukanipigie picha ya yule simba wa mikia miwili. Na uvae soksi nzito, huko juu baridi inauma.

Baba yako