Kuutetea utafiti wa mila mbele ya watoaji wa fedha za umma

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba ombi lako la fedha za umma kwa ajili ya utafiti wa mila za mazishi limekataliwa kwa hoja kwamba halina manufaa, nawe unafikiria kuligeuza lifanane na mradi wa afya. Nakusihi usilipotoshe. Ebola ilipoenea Afrika Magharibi kati ya mwaka 2014 na 2016, timu za mazishi zilipingwa mara nyingi na wafiwa, na wanaanthropolojia, yaani wataalamu wa mila na maisha ya jamii, walisaidia kutafuta namna ya kuzika kwa usalama bila kumvunjia marehemu heshima. Ujuzi huo haukuokotwa siku ya janga, bali ulitokana na miaka ya kukaa na watu na kuwasikiliza. Liandike hilo katika ukurasa wa kwanza, kisha ueleze bayana swali lako, nyaraka utakazosoma na wazee utakaowahoji. Katika bajeti, usisahau malipo ya wanaonukuu mahojiano, yaani wanaoyaandika kutoka kwenye sauti: saa moja iliyorekodiwa huweza kuhitaji saa nne au zaidi za kuandika, na watafiti wengi (jambo linalonisikitisha) hufanya kazi hiyo usiku, bila malipo. Omba pia maoni ya maandishi ya waliolitathmini ombi lako kabla ya kuliwasilisha upya.