Ampu moja ya gitaa ya kupigia aina zote za muziki wa metali (heavy metal): acha kuhesabu chaneli, angalia besi inakatwa wapi

Mkuu, umesema una gitaa la nyuzi sita lenye hambaka (pikapu ya koili mbili, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi), umelishusha hadi drop C (uzi mnene kabisa unakuwa C badala ya E), na unatafuta ampu moja ya thrashi, deth metali na hii metali ya kisasa ya rifu (vipande vifupi vinavyorudiwa) za kukatakata. Tena iwe na kliini (sauti safi isiyochafuliwa) ya maana, ikae chumbani siku za kazi na Jumamosi iende jukwaani. Halafu ukapanga ampu ulizoziorodhesha kwa idadi ya chaneli (mipangilio ya sauti unayobadilisha kwa swichi). Hapo ndipo ulipoteleza.

Chaneli nne hazikupi sauti nne kama zote zinachafua besi kwa namna ileile na kutokea kwenye spika ileile. Ampu ya geini kubwa (ukuzaji mkali unaochafua sauti) inakuwa ya kazi nyingi kutokana na inavyoishughulikia besi kabla ya geini na baada yake. C ya chini ya drop C hutetemeka mara 65 hivi kwa sekunde (65 Hz), wakati E ya kawaida ni mara 82. Sauti hizo za chini ndizo zinazotoka na nguvu nyingi kwenye pikapu (ya gitaa, si ile ya kubebea mchanga). Zikiingia nzima kwenye hatua za kukuza, zinagonga dari mapema, zinavurugana na midi (sauti za kati), na kapasita zinazounganisha hatua moja na nyingine zinajaa chaji hadi tyubu (valvu ya kioo inayokuza sauti) inajifunga kidogo kabla ya kurudi kazini. Ndiyo maana ukiziba nyuzi kwa kiganja unasikia uji badala ya pigo. Kuongeza geini hapo ni kuongeza maji kwenye uji.

Ampu iliyochorwa vizuri hupunguza besi mwanzoni, huichafua sauti, kisha huirudisha besi mwishoni kwenye pawa ampu (sehemu inayosukuma spika), mara nyingi kwa kitufe cha rezonansi. Basi ukienda kujaribu ampu dukani, usianze na solo. Weka geini 5 kati ya 10, ziba nyuzi kwa kiganja, piga uzi mnene mfululizo kwa kasi, kisha nyamaza ghafla. Kama mapigo yanahesabika na sauti inakatika mkono unaposimama, hiyo ina msingi. Kama inaburuza mkia, hakuna chaneli ya tano itakayoiokoa.

Ampu zenye majina makubwa ya mtindo huu zina damu moja kuliko matangazo yanavyokiri. Soldano SLO-100 ya 1987 ina hatua moja ya tyubu yenye rezista ya 39k (kilo-ohm 39) kwenye kathodi, inayokata upande mmoja wa wimbi mapema na kutoa ule mngurumo mkavu. Ujanja huohuo umo kwenye Mesa/Boogie Dual Rectifier na kwenye Peavey 5150 iliyotoka 1992. Tofauti unazozisikia zinatoka zaidi kwenye vichujio vya besi, mahali zilipo toni, na jinsi pawa ampu inavyobanwa.

Peavey 5150, ambayo baadaye ilibadilishwa jina kuwa 6505, ni panga la kazi. Inakata rifu bila maswali. Kasoro yake kwako ni kliini: chaneli ya ridhimu ni ya kukwaruza kidogo, na chaneli zote mbili zinatumia ikwalaiza moja (vitufe vya besi, midi na trebo). 6505+ ina ikwalaiza mbili na kliini afadhali, hivyo kama ni Peavey chukua hiyo. Kombo yake (ampu na spika kwenye sanduku moja) ya spika moja ina wati 60. Bayasi (mkondo wa umeme wa tyubu za pawa zikiwa kimya) ya 5150 ya mwanzo ni ya kiwandani na imewekwa baridi, yaani chini, haina skrubu ya kurekebisha. Tyubu zinadumu, lakini sauti ina mlio kama wa nyuki kwa mbali. Wengine wanalipia fundi aongeze kirekebishi. Kwa metali si lazima.

Dual Rectifier ya chaneli tatu inakupa vitufe kamili kwa kila chaneli, na kliini yake ni nzuri kweli. Wanaoilaumu kuwa ni ya matope mara nyingi wameifungua besi hadi karibu na mwisho. Kwenye "Modern" pawa ampu inaachiwa bila mrejesho wa kuidhibiti, kwa hiyo besi na prezensi (sauti za juu kabisa) zinafumuka. Weka besi 2 hadi 3, prezensi 3, midi 6, swichi ya rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) kwenye dayodi badala ya tyubu, na swichi ya umeme kwenye "Bold". Mbele yake weka pedali (kisanduku cha kukanyaga) nitakayoitaja chini. Itakaza besi.

Ndugu zake wa Mesa Mark wanakwenda kinyume: besi, midi na trebo zinakaa kabla ya hatua za kuchafua. Besi ikae 1 au 2, halafu uzito urudishwe kwa slaida ya 80 Hz. Slaida ya 750 Hz ukiishusha unapata ile V ya thrashi ya zamani. Ni ampu ya ajabu, lakini inamtaka mtu asome kitabu chake.

Marshall JVM410H ina chaneli nne zenye modi tatu kila moja, na tyubu za EL34 zinazosukuma midi mbele. Kwa thrashi inakaa pazuri, kwa drop C inahitaji msaada wa kukaza. EVH 5150III ya wati 50 ndiyo ningeiweka juu kwa orodha yako: kliini safi, chaneli ya pili kwa thrashi, ya tatu kwa mambo mazito. Ujue tu kwamba chaneli 1 na 2 zinagawana ikwalaiza, kwa hiyo ukiitengeneza kliini upendavyo, ya pili inafuata utake usitake.

Na kama pesa haifiki huko, Boss Katana ya wati 50 au 100 si aibu. Haina tyubu. Chaneli ya "Brown" ikiwekewa pedali ya kukaza ndani ya programu yake inapiga metali ya heshima, na ina kipunguza nguvu hadi wati 0.5 kwa ajili ya majirani. Kwa mtu wa chumbani siku tano kwa wiki, Katana inashinda kichwa (ampu isiyo na spika ndani) cha wati 100 kinachofunguliwa hadi alama moja.

Pedali yenyewe ni Tube Screamer au nakala yake yoyote ya kijani. Drive 0, toni 5, levo 8 hadi 10, iingie mbele ya chaneli ya geini. Wengi wanadhani kazi yake ni kuongeza geini. Kazi yake hapa ni kukata: inapunguza kila kilicho chini ya 720 Hz hivi kabla hakijafika kwenye ampu, na kuisukuma midi. Ukishaiwasha, rudisha geini ya ampu chini kwa alama moja au mbili. Hii ndiyo "chaneli ya ziada" ya bei rahisi kuliko zote. Ukitaka deth metali ya Sweden ya miaka ya 1990, hapo ni Boss HM-2 yenye vitufe vyote mwisho kabisa, ikiingia kwenye chaneli ya kliini au inayokwaruza kidogo. Usiiweke mbele ya chaneli ya geini kubwa, utapata mvua ya mabati.

Kama ampu yenyewe ina geini iliyopitiliza na kitufe kinaruka kutoka kliini hadi kelele, badilisha tyubu ya kwanza ya priampu (sehemu ya mwanzo yenye geini). 12AX7 ina ukuzaji wa 100, 5751 ina 70, 12AT7 ina 60. Zinaingia kwenye soketi ileile bila kurekebisha bayasi. Zima ampu, subiri zipoe, ivute moja kwa moja bila kuipinda.

Sasa wati na spika. Wati 100 dhidi ya 50 ni tofauti ya desibeli 3 tu, kitu unachokisikia lakini hakikuangushi. Spika ya Celestion Vintage 30 inatoa desibeli 100 kwa wati moja kwa mita moja, G12T-75 inatoa 97. Maana yake kubadilisha spika peke yake kunakupa ile ile tofauti ya wati 50 na 100. Vintage 30 ina midi ya juu inayopenya ngoma na gitaa la besi, lakini inachoma sikio ukisimama mbele yake. G12T-75 ina besi na trebo zaidi na shimo katikati. Kwa ampu moja ya kazi zote, boksi la spika mbili za Vintage 30 lililofungwa nyuma linatosha. Kila moja inabeba wati 60, jumla 120. Usichomeke kichwa cha wati 100 kwenye spika moja ya wati 60, kwa sababu sauti iliyochafuliwa kabisa hutoa nguvu kupita hiyo iliyoandikwa.

Ohm zilingane. Spika mbili za ohm 8 zikiungwa sambamba ni ohm 4, zikifuatana ni 16. Nne za ohm 16 zikiungwa mbili mbili kwa kuchanganya zinarudi 16. Soma bamba la boksi, kisha weka swichi ya kichwa ilingane nalo. Ampu ya tyubu isiwashwe na kupigwa bila spika au kifaa cha mzigo kinachoshika nafasi yake, transfoma ya kutolea sauti ndiyo inayokufa, na bei yake inaumiza. Ampu ya transista haiumii bila spika, ila inaungua ukiipa ohm chache kuliko ilizoandikiwa. Kebo ya kwenda kwenye spika iwe ya spika. Ya gitaa inafanana kwa nje, ndani waya wake ni mwembamba na inapata moto.

Usikate midi. Chumbani midi kwenye 2 inasikika kama filamu, lakini ukiingia na bendi, besi na kiki (ngoma ya mguu) vinachukua chini, matoazi yanachukua juu, na wewe unabaki kupunga mikono. Anzia hapa: geini 4.5, besi 4, midi 6, trebo 5.5, prezensi 5, rezonansi 3, kisha rekebisha ukiwa na bendi inapiga. Nyuzi pia: drop C kwa seti ya unene wa inchi .010 hadi .046 zinalegea, na noti inapanda kila ukipiga kwa nguvu. Chukua .011 hadi .056 na fundi apange upya intonesheni (usahihi wa noti kwenye shingo nzima).

Kelele ya geini kubwa haikwepeki, ila unaweza kuifungia mlango. Ukiwa na Boss NS-2 (pedali ya kuzima kelele) na ampu yenye lupu ya efekti (jeki zilizo kati ya priampu na pawa ampu): gitaa liingie INPUT, SEND iende kwenye Tube Screamer kisha kwenye ampu, lupu SEND ya ampu iende RETURN ya pedali, na OUTPUT irudi kwenye lupu RETURN ya ampu. Hapo pedali inasikiliza gitaa lako safi lakini inafunga kelele ya priampu. Ukiiweka mbele tu, inafunga kelele ya gitaa na kuacha ya ampu ikizomea.

Umeme, na hili ni la sisi huku. Ampu nyingi za bei nzuri zinatoka Marekani na zimeandikwa 120V. Tanzania ni 230V, Kenya 240V, zote 50Hz. Ukiichomeka moja kwa moja, kheri fyuzi ife peke yake. Angalia nyuma: kama bamba linasema 120V 3A, hiyo ni VA 360, nunua transfoma ya kushusha ya VA 750. Iwe transfoma ya shaba na chuma, nzito, si kile kigeuzi chepesi cha wasafiri. Iwe na pini ya ethi inayofika hadi kwenye ampu, vinginevyo utapata mvumo na shoti ya midomo kwenye maikrofoni. Kama bamba linataja 60Hz tu bila 50Hz, transfoma ya ndani inaweza kupata moto kuliko ilivyokusudiwa, iache. Ampu iliyotoka Uingereza inakuja na volti na plagi yetu, na kwa hiyo mara nyingi inafaa kulipia zaidi kidogo.

Ukikagua iliyotumika, iwashe dakika ishirini, si mbili. Zima taa, tazama tyubu za pawa: mwanga wa chungwa katikati ni wa kawaida, bamba la kijivu likiwa jekundu ni hatari, zima. Gonga kila tyubu ya priampu kwa penseli, inayolia kama kengele ibadilishwe. Sauti ikishuka au kukatika, chukua kebo fupi uunganishe lupu SEND na RETURN. Ikirudi, ni swichi ndani ya jeki iliyopata kutu, na ampu zilizokaa Mombasa, Tanga au Unguja zina hilo sana. Dawa yake ni kisafisha viunganishi, dakika tano, lakini muuzaji hahitaji kujua hivyo mpaka mmemaliza bei. Usifungue sanduku la chuma lenye saketi mwenyewe, ndani kuna volti 450 na zaidi zinazobaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa.

Ukipata tangazo, weka hapa picha ya nyuma ya ampu, panapoonekana volti, ohm na jeki za lupu. Ya mbele yenye nembo hatuihitaji.