Kuishi bila umeme wala bomba: kwanza uliza nani atachota maji

Inawezekana, na mtu akaishi kwa furaha. Nalisema mapema kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa kila ninaposhuka Arusha mjini: mnaishije huko juu bila umeme, bila bomba ndani, bila friji? Sisi tunaishi upande wa mashariki wa Mlima Meru, juu ya Maji ya Chai, kwenye shamba la migomba na kahawa tulilohamia kutoka Sakina, mtaa wa Arusha mjini. Nguzo za umeme zimeishia barabara ya chini. Taa zetu ni za sola, tunapikia gesi ya samadi, na maji ya kunywa tunayakinga kwenye bati. Watoto wanasoma, wana afya, na hakuna anayelia kutaka kurudi mjini.

Lakini wanaoniuliza huanza na umeme, na umeme ndio jambo jepesi kuliko yote. Mama mkwe wangu, aliyezaliwa na kuzeekea huku huku, alipopata habari kwamba tunataka kuhamia, alikuwa na swali moja tu.

"Mwanangu, habari ya taa siulizi. Maji mtachota wapi, na nani atakwenda kuyachota?"

"Tutasaidiana, mama."

"Kusaidiana si jina la mtu. Nani?"

Ushauri wangu wote unatoka kwenye swali hilo. Maisha ya mjini yamefichwa ndani ya kuta: unafungua bomba, unabonyeza swichi, unanunua mtungi wa gesi, na kazi ya kuleta vitu hivyo imefanywa na watu usiowaona. Ukihama, kazi ile yote inakufuata nyumbani, na isipogawanywa itamwangukia mama wa nyumba na mabinti zake. Nimeziona familia zilizohamia shamba kwa shangwe, baba anasifia hewa safi na utulivu, mama amekonda. Huwezi kusema nyumba hiyo inaishi kwa furaha. Anayefurahi ni mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata paneli moja, chukueni karatasi, andikeni kila kazi na mbele yake jina. Maji ya kunywa: jina. Maji ya mifugo: jina. Majani ya ng'ombe, kusafisha banda, kulisha mtambo wa gesi, kupeleka mahindi mashineni, kufua kwa mkono nguo za watu wote. Kwetu baba watoto ndiye mwenye banda na mtambo. Majani ya ng'ombe tunamlipa kijana wa jirani ayalete, na malipo hayo tunayahesabu kama tulivyokuwa tukihesabu bili ya umeme. Karatasi ikijaa jina moja tu, msihame bado.

Sasa maji yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana huku kwetu ni suala la meno na mifupa ya watoto. Miamba ya Mlima Meru ni ya volkano, na maji yanayopita humo hubeba madini yaitwayo floraidi. Kila mtu wa Arusha anayajua meno ya kahawia, lakini wengi wanayaona kama alama ya kabila, jambo la kuzaliwa nalo. Sivyo. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi katika miaka ile ambayo meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, yaani mpaka kama miaka minane, meno yake yatatoka yameshaharibika na hakuna dawa ya meno itakayoyarudisha. Akiendelea kuyanywa maji mabaya zaidi kwa miaka mingi, mifupa nayo hukakamaa au kupinda. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi ni miligramu 1.5 kwa lita, na ziko chemchemi huku zinazokipita mara kadhaa. Tena chemchemi mbili za kijiji kimoja zinaweza kutofautiana sana, hivyo usikubali mwenye kiwanja akuambie "maji ya huku ni mazuri" kwa sababu tu ni maangavu na matamu. Chukua chupa safi, jaza, peleka maabara ya maji ipimwe, kisha ndipo mzungumze bei ya shamba.

Kuchemsha hakusaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki ile ile, hivyo yanazidi kuwa makali. Kinachosaidia ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi, au kuachana kabisa na maji ya ardhini na kunywa ya mvua. Na akina mama wenzangu, angalieni magadi mnayotia kwenye makande ili yaive haraka. Magadi mengi ya kanda yetu yana floraidi nyingi sana, kwa hiyo mtu anaweza kutafuta maji salama kwa shida halafu akairudisha sumu ile ile jikoni kwa kijiko. Loweka mahindi na maharage usiku kucha. Yanaiva vizuri bila magadi.

Sisi tulichagua mvua. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 8 kwa 10, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linapokea lita 800. Toa yanayomwagika na yanayokauka, bado unapata zaidi ya 600 kwa mvua ya jioni moja. Masika ya Machi hadi Mei yakiwa ya kawaida, tanki litajaa na kufurika. Tatizo linaanza baadaye, kuanzia Juni mpaka vuli inapofika Oktoba au Novemba. Familia ya watu watano inahitaji kama lita 30 kwa siku za kunywa na kupikia peke yake. Kwa siku 150 za ukame hiyo ni lita 4,500. Maana yake tanki la lita 5,000 linatosha, kwa sharti kwamba hakuna anayeoga wala kufua kwa maji hayo. Sisi tumelifunga kwa kufuli. Maji ya kuoga, kufua, mifugo na bustani yanatoka kwenye mfereji na kwenye bomba la kijiji, kwa sababu floraidi haidhuru ngozi. Mvua ya kwanza ya msimu iachie iende zake, maana ndiyo inayoosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati. Gata zisafishwe kabla ya masika, na mdomo wa tanki ufungwe wavu mbu wasizaliane.

Jikoni, nisingehama kama ingekuwa ni kurudi kwenye mafiga na moshi. Nimekulia kwenye jiko la kuni na nayajua macho mekundu ya mama yangu. Huku Arusha tuna bahati ya CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichoanzishwa 1981, ambacho kimefanya kazi kubwa kueneza mitambo ya gesi ya samadi ya aina ya kuba lililojengwa chini ya ardhi. Ng'ombe wawili wa kufungiwa bandani wanatosha. Kilo 20 hadi 30 za samadi kila siku, kwenye mtambo wa mita za ujazo sita, zinakupa moto kwa muda wa saa mbili hadi tatu: chai ya asubuhi, chakula cha mchana na cha jioni ukipanga vizuri.

Kuulisha ni kazi ya asubuhi. Samadi inamwagwa kwenye kisima kidogo cha kuchanganyia, inaongezwa maji kiasi kile kile, kisha unaingiza mkono na kuvunja mabonge, unatoa nyasi na mabua yote moja moja, mpaka iwe laini kama uji. Ukiacha mabua, yataelea juu ndani ya mtambo na kufanya gamba, na gesi itapungua. Ikiwa laini unazibua kizibo, inateremka kwa sauti nzito, na upande wa pili tope la zamani linajisukuma lenyewe kutoka nje. Tope hilo ndilo mbolea yetu ya migomba, na halina harufu kali wala nzi wa samadi mbichi. Moto wenyewe ni wa buluu, haupakazi sufuria masizi. Lakini tazama: ndoo za maji kila siku, na mzigo wa majani kila siku. Watu husema gesi ya samadi ni ya bure. Ni ya bure kwa mtu asiyeibeba. Julai, baridi ikiingia, mtambo unalegea na tunaongezea jiko banifu la kuni.

Sola nitaipitia haraka, maana mafundi wapo na vifaa vimejaa madukani. Paneli ya wati 100, ukipata jua zuri kwa muda wa saa nne hivi, inakupa kama wati 400 za saa moja kwa siku. Taa sita za wati 5 zikiwaka kwa muda wa saa tano zinatumia 150. Simu na redio ni kidogo sana. Pasi ya umeme ya wati 1,000 itaumaliza umeme wa siku nzima kabla ya nusu saa, kwa hiyo pasi ni ya mkaa na hakuna mjadala. Betri za asidi na za jeli usizishushe chini ya nusu, zitakufa mapema. Na usipige hesabu zako kwa jua la Januari. Piga kwa Julai, wakati ukungu unaweza kukaa mlimani siku kadhaa mfululizo.

Friji sijaikumbuka. Maziwa yanayobaki tunagandisha, na mtindi huo ndio tunaotia kwenye loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa ya mgando. Nyama tunanunua ya siku hiyo, au inakaangwa na kukaushwa. Mboga iko shambani mpaka dakika ya kuchumwa. Choo ni cha shimo, kimejengwa vizuri chenye bomba la hewa, na majivu hayakosekani.

Furaha iko wapi basi? Iko jioni. Taa kubwa ni moja, ya sebuleni, kwa hiyo watoto wanafanya kazi za shule mezani na sisi tupo hapo hapo, mmoja anachambua mchele, mwingine anamweleza mtoto hesabu. Mjini kila mtu alikuwa na chumba chake na kioo chake cha simu. Iko asubuhi, Kilimanjaro inapoonekana nyeusi upande wa mashariki kabla jua halijachomoza, na maziwa bado ni ya moto kutoka kwa ng'ombe. Na kulala saa tatu usiku bila kusikia jenereta ya mtu kumeniponya uchovu niliokuwa nauita ugonjwa.

Hata hivyo sitaki mtu adhani tumejitenga na dunia. Mahindi yetu yanasagwa kwenye mashine inayoendeshwa na umeme. Chanjo walizochomwa wanangu zilitunzwa kwenye jokofu la zahanati, kati ya nyuzi joto 2 na 8, na bila jokofu hilo zingeharibika. Ada inalipwa kwa simu. Tunaweza kuishi nje ya gridi kwa sababu kijiji kilicho chini yetu kimo ndani yake, na nguzo zikipanda hadi kwetu nitaomba kuunganishwa kama mtu mwingine yeyote. Anayekuambia umeme ni anasa hajawahi kutwanga mahindi ya watu saba kwa kinu.

Kuna vitu viwili nisivyokubali kuvikosa: simu yenye mtandao, na njia ya gari wakati wa masika. Udongo wetu ukilowa, bodaboda hazipandi. Mjue mapema jirani mwenye gari linalopita kwenye tope, mkubaliane naye kabla ya shida, na namba yake iwe ukutani hata mtoto aione. Mama mjamzito ashuke akakae karibu na hospitali wiki za mwisho, hata kama mimba zilizopita hazikuwa na matatizo. Mwenye mgonjwa wa insulini au wa oksijeni nyumbani asihame.

Kama bado una hamu, usianze kwa kujenga. Pangeni chumba kijijini mara mbili: Julai, wakati wa baridi na mawingu, halafu mwishoni mwa Septemba, matanki yanapokaribia kukauka. Usiende Desemba, shamba lote likiwa kijani na ndugu wamejaa wa kukusaidia kazi. Nenda na mwenzio, na kila mmoja abebe ndoo yake.