Geuza kipande kwanza, namba baadaye

Siku ya kwanza niliyovuta sampuli peke yangu, kupima utando wa kipandikizi cha mwilini umeishika metali yake kwa nguvu gani, mashine ilisoma megapaskali 41. Furaha niliyokuwa nayo! Kiwango cha kimataifa, ISO 13779-2, kinataka utando wa haidroksiapataiti, madini yanayofanana na ya mfupa, ushike kwa angalau megapaskali 15, nami nina 41. Fundi mkuu wa maabara hakuiangalia hata skrini. Aliokota vipande viwili vilivyoachana, akaviweka chini ya hadubini, akaniita: "Njoo uone ulichovuta." Gundi ilikuwa imepenya vitundu vya utando hadi ikaigusa titani, metali iliyo chini yake. Nilikuwa nimepima gundi.

Wewe unayeanza kazi hii, kipimo chenyewe utakijua ndani ya wiki moja. Kipande cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 25.4 kinapakwa upande mmoja, kinagandishwa kwa gundi ya epoksi na kipande kitupu, kisha vinavutwa mpaka viachane. Megapaskali 15 kwenye uso huo ni karibu kilonyutoni 7.6, sawa na kuning'iniza kilo 775 hivi. Vipande vikikaa upande kidogo tu, unabandua badala ya kuvuta, na namba inashuka bila kosa la utando.

Taabu iko kwenye unene. Kiwango cha Marekani, ASTM C633, kinahitaji utando uzidi milimita 0.38 ili gundi isipenye. Lakini utando wa kipandikizi cha nyonga kwa kawaida ni maikromita 50 hadi 200, yaani milimita 0.05 hadi 0.2. Utasema basi tupake sampuli nene. Hapo unapima kitu kingine, kwa sababu haidroksiapataiti husinyaa kuliko titani inapopoa, na utando unabaki umevutwa juu ya metali. Kadiri unavyokuwa mnene ndivyo unavyojibandua kirahisi. Mimi napendelea unene uleule wa kipandikizi na gundi inayokuja kama karatasi nyembamba, ambayo haitiririki kama ile ya majimaji.

Halafu mikono yako. Utando hupakwa kwa plazima, gesi yenye joto kali mno inayoyeyusha unga na kuurusha kama matone. Matone hayo hayashikani sana na titani kikemia. Yanang'ang'ania mabonde na vilima vilivyochimbwa na punje ngumu za alumina zilizopulizwa kwa nguvu kwenye metali kabla ya kupaka. Mafuta kidogo yakiziba mabonde hayo, kazi imekwisha. Niliwahi kuona uso uliobanduka ukiwa na sehemu moja inayong'aa, umbo la yai, mistari yake inahesabika: kidole gumba cha mtu. Alikuwa amevua glavu ili aweke kipande sawa kwenye kishikizo. Osha kwa mawimbi ya sauti kwenye asetoni, kausha, paka siku hiyohiyo. Na chungulia kama kuna punje za alumina zilizobaki zimejichomeka. Nazo ni pengo kati ya utando na metali.

Usiridhike na kipimo cha kikavu pekee. Tumbukiza sampuli nyingine kwenye kimiminika kinachoiga cha mwili, nyuzi 37, pH 7.4, uziache wiki kadhaa kabla ya kuvuta. Tone la kwanza linalogusa metali baridi hupoa ghafla mno, halipati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele, na sehemu isiyo fuwele ndiyo huyeyuka haraka. Yaani utando huanza kuliwa palepale unapotakiwa kushika. Nimeshaona sampuli nzuri kabisa kwenye ukavu zikitoka humo zimelegea.

Kwenye daftari, kando ya kila namba, andika pamekatikia wapi: kwenye mpaka wa metali, ndani ya utando, au ndani ya gundi. Pakikatikia ndani ya gundi huku utando ukiwa mzima, andika "zaidi ya", usiandike namba tupu. Gundi ikiwa imefika kwenye metali, kama ile 41 yangu, piga mstari juu yake uvute nyingine.