Katuni Zilizonifikisha Ujerumani, na Ushauri kwa Wanaouliza

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Nachingwea alinitumia ujumbe wa sauti, nusu yake maneno, nusu yake upepo wa bodaboda. "Kaka shikamoo. Mimi mwenzako kwenye anime na magemu, nachora pia. Nyumbani wanasema nimepotea. Hebu niambie ulifanyaje mpaka ukaenda kufundisha Ulaya, maana na mimi nataka." (Anime, kwa msiojua, ni katuni za Kijapani.) Tangu nirudi Lindi ujumbe wa namna hii ni mwingi, na najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto hiyohiyo. Basi nijibu mara moja kwa wote.

Sikwenda kwa sababu nilikuwa na hela, wala kwa kuwa nina mjomba serikalini. Mjomba ninaye, tena ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Kwetu maamuzi yako upande wa mama, na mjomba akishasema hapana, baba anakoroga chai tu. Alikuwa akinikuta barazani na daftari langu la michoro, anasimama, anainama, anauliza, "Huyu naye nywele zimemfanya nini?" Kisha anaondoka anacheka, na akifika msibani anawasimulia watu. Nimekua nikiwa kichekesho cha ukoo mzima. Sijasahau.

Anime niliijulia kwenye kibanda umiza pale Rahaleo, siku ambazo hakuna mpira. Mwenye banda alikuwa anaweka chochote kilichomo kwenye flashi, hata kama ni katikati ya hadithi ambayo mwanzo wake hatukuuona. Maandishi ya Kiingereza yanapita mbio chini ya picha, sisi wa benchi la mbele tunawasomea wa nyuma. Kiingereza changu nilikipatia pale, walimu wangu mnisamehe. Magemu yalikuwa banda la jirani: unalipia mechi, na wewe mdogo unapewa ile pedi ambayo kitufe chake kimezama.

Haya, njia yenyewe. Serikali ya Ujerumani ina programu ya kujitolea inaitwa weltwärts. Ilianza mwaka 2008 kwa kuleta vijana wao nchi kama zetu, mnawafahamu, wale wanaonunua kikoi siku ya kwanza. Miaka kadhaa baadaye wakafungua na mlango wa pili, vijana wa huku nao wakaenda kule, kwa kawaida mwaka mmoja, wenye umri wa miaka 18 hadi 28. Unapangiwa shule, chekechea, kituo cha vijana, shamba, inategemea. Malazi, chakula, bima na nauli vinagharamiwa, na unapata hela kidogo ya mfukoni. Kidogo kweli, usije ukaahidi watu bati. Maombi yanapitia shirika la hapa nchini lenye ubia na shirika la kule, kwa hiyo mtu akikudai mamilioni "ya kushughulikia", huyo anashughulikia maisha yake. Mkimbie.

Shirika la kwanza nililoliomba sitalitaja. Usaili ulifanyika Dar, nikavaa shati la kuazima. Wakaniuliza muda wa ziada nafanya nini, nikasema ukweli: naangalia anime, nachora manga (hadithi za katuni za Kijapani za kwenye karatasi), natengeneza mavazi ya kosplei (kujivisha kama mhusika wa katuni), nacheza gemu. Yule bwana wa katikati akamtazama mwenzake, akaweka kalamu chini, akasema, "Sisi tunatafuta watu wazima." Nilikuwa na miaka 24. Kutoka Dar hadi Lindi ni kilomita kama 450, na nilisafiri na sentensi hiyo njia nzima. Hadi leo nikipita mtaa ule roho inanichoma.

Rafiki zangu wakanishauri nibadilishe jibu: sema unapenda kusoma vitabu na kuisaidia jamii. Kila mtu anasema hivyo! Nikagoma. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza na nitaurudia hadi mchoke: usifiche unachokipenda.

Mara ya pili nikaomba shirika jingine. Usaili ukaangukia Mei 2024, wiki ileile Kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar pale Somanga. Basi letu likaishia Nangurukuru, watu wamejaa barabarani na mabegi, bei ya chapati imepanda. Nikawapigia simu, nikaomba tufanye kwa video. Wakakubali. Nikakaa nyuma ya mgahawa, bando la kukopa, kuku wanapita. Swali likaja lilelile la muda wa ziada. Safari hii sikujibu kwa maneno. Nikafungua begi nikatoa kofia ya joka niliyokuwa nimeitengeneza kwa ndala, nikaivaa.

Mzee wa Kijerumani upande wa pili akasogelea kamera mpaka nikawa naona paji la uso tu. Akataka kujua nimeifanyaje.

Na nyie mngependa kujua, basi niwaeleze. Wenzetu huko nje wananunua mabamba ya foami maalumu. Huku unaokota ndala zilizokatika, zile nyepesi za sponji, siyo za mpira mgumu. Unaziosha, unazianika, unazichana kwa wembe mpya (wembe butu unatafuna, haukati). Ukitaka kipande kipinde, unakipitisha juu ya jiko la mkaa, mbali kidogo, kwa kuhesabu hadi tano au sita, mpaka uone uso wake unang'aa. Hapo hapo unakigandamiza juu ya kitako cha sufuria na kukishikilia hadi kipoe. Kitabaki na umbo lile la sufuria. Magamba nilikata moja moja, makubwa kwa madogo, nikayapanga kuanzia shingoni kwenda juu kama anayeezeka makuti, kila safu inafunika mizizi ya nyingine. Gundi ni ile ya fundi viatu: unapaka pande zote mbili, unasubiri ikauke mpaka isishike kidole, ndipo unabandika. Usiwe na haraka hapo. Fanyia nje, ile harufu inalewesha, na usiiweke karibu na jiko maana inashika moto. Juu yake rangi ya kupuliza, na ndani kipande cha godoro ili kofia isikuchune.

Wakaniuliza kama naweza kuwafundisha watoto kufanya vile. Nikasema nafanya hivyo kila Jumamosi kibarazani kwetu. Na ilikuwa kweli, ingawa wanafunzi wangu walikuwa watoto wa jirani waliokuja kwa ajili ya korosho za kukaanga.

Masomo ya Kijerumani, viza, sindano, kupanga foleni, tuyaache. Ni kazi ya kuchosha na ina mwisho.

Nilipangiwa shule ya msingi karibu na Leipzig, kipindi cha mchana baada ya masomo, watoto wakisubiri wazazi. Walinitaka nifundishe "utamaduni na Kiswahili kidogo". Mwanzoni nilikwenda na nyimbo na ramani, watoto wakanitazama kama tangazo la redio. Likizo ya kwanza nikapanda treni kwenda Berlin, Makumbusho ya Viumbe na Mali Asili, kumwona mjusi wetu, yaani mifupa ya dinosaria.

Wa Lindi mnamjua kwa kusikia. Alifukuliwa kilima cha Tendaguru, huku kwetu, kati ya 1909 na 1913. Mamia ya babu zetu walichimba, na mifupa ikabebwa kichwani na mabegani siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapandishwa meli. Kumsimamisha tu kuliwachukua hadi mwaka 1937. Ana mita 13.27 kutoka sakafuni hadi kichwani. Nilisimama chini ya mbavu zake nikatafuta jina la Tendaguru kwenye maelezo, nikaliona, nikaita "mjusi" kwa sauti. Mlinzi akageuka. Nikamwambia kwa Kijerumani changu cha kuungaunga kwamba mimi na huyu tumetoka wilaya moja.

Jumatatu nikaingia darasani bila ramani. Nikachora ubaoni mjusi mwenye macho makubwa ya anime, ameshika tiketi, anauliza njia ya kwenda Lindi, lakini anajua Kiswahili tu. Nikawaambia: atakayetaka kumsaidia ajifunze kumjibu. Kulia, kushoto, moja kwa moja, subiri, karibu. Kila mtoto akachora ukurasa wake, tukausoma kutoka kulia kwenda kushoto kama manga yenyewe, na wakazozana sana kuhusu hilo. Shingo, mkia, mguu, jicho, yote waliyajua ndani ya wiki kwa sababu mjusi alikuwa anaumwa sehemu tofauti kila siku. Binti mmoja akaniuliza kama kweli atarudishwa Lindi. Nikamwambia swali hilo awaulize wakubwa wake.

Mwalimu mkuu akaniita, nikajua nimeharibu. Kumbe anataka nifanye vilevile na darasa la juu. Kwa hiyo bwana wa kalamu, popote ulipo: watu wazima ndio hao.

Mnaniuliza sana kuhusu matamasha. Nimehudhuria mawili makubwa. Machi 2025 nilikwenda Manga-Comic-Con, ambayo hufanyika ndani ya maonyesho ya vitabu ya Leipzig. Kosplei kila upande, bibi wa miaka sabini amevaa mabawa, hakuna anayecheka. Kama una upanga au bunduki ya bandia unakaguliwa, kwa hiyo tengeneza kitu kisichoweza kumuumiza mtu. Mimi nilivaa mjusi wa Tendaguru niliyemtengeneza kwa ndala. Watu wananisimamisha kupiga picha, wanauliza ametoka anime gani, nawaambia Lindi, wanaitikia kwa kichwa kana kwamba wameshaiona.

Agosti ikawa Gamescom, kule Köln, tamasha la magemu ambalo mwaka huo lilipokea watu zaidi ya 350,000. Sikilizeni, msidanganywe na video. Ni foleni. Unasimama saa mbili kwa ajili ya kucheza gemu jipya kwa dakika ishirini, na miguu inakufa. Ila kuna jambo moja nililipenda: magemu yana alama za umri, 6, 12, 16, 18, na ukumbini unavaa utepe mkononi unaoonyesha umri wako. Huna utepe, hupiti. Mimi mwenye ndevu nilidaiwa utepe! Nikawakumbuka watoto wetu wa darasa la nne wanaochinja watu kwenye skrini huku mwenye banda anahesabu sarafu. Wenye mabanda mnaosoma hapa, mjue nawaona.

Sasa dogo wa Nachingwea, na wengine wote. Umri unakwenda, na ukifika 29 mlango huu umefungwa, kwa hiyo usisubiri mjomba akubali kwanza. Usifiche unachokipenda, lakini usiishie kukipenda. Kuangalia anime hadi saa nane usiku hakujamfikisha mtu popote, hata mimi. Kilichonifikisha ni kwamba kwenye begi nilikuwa na kitu cha kushika. Wewe unachora? Kuwe na daftari lililojaa, lenye mwanzo na mwisho, siyo vichwa vya ninja wa nguo za machungwa kurasa arobaini. Unacheza gemu? Andaa mashindano ya mtaa, andika nani alicheza na nani, toa zawadi uliyoahidi. (Kuna waandaaji wa mashindano fulani Dar bado hawajanipa yangu. Nimesema hivyo tu.) Unataka kufundisha? Fundisha leo, watoto wa jirani wapo. Na lugha, jamani, lugha! Kijerumani, Kijapani, yoyote, anza kabla hujaitwa. Anayetaka Japani, ufadhili wa serikali yao unaitwa MEXT na maombi hupitia ubalozini Dar es Salaam. Mtihani wa lugha yao una ngazi tano, N5 ya chini hadi N1 ya juu. Mimi najiandaa kwa N5 na herufi zinanitoa jasho, basi msije mkasema sikuwaambia ni ngumu.

Vijana wa kusini tuna tabia ya kujiona tumesahaulika. Barabara ikikatika tunakaa chini. Kaeni, lakini mkae na kazi mkononi. Nimeona watoto wa Ulaya wenye kila kitu wakigombania wembe ili wakate ndala kama mimi. Wewe ndala unazo, unasubiri nini?

Na mimi kwa sasa: nafundisha kwa kujitolea sekondari moja hapa mjini, nina klabu ya manga Jumatano, mkuu wa shule ameruhusu ilimradi tusichore kwenye madawati. Mjomba anawaambia watu msibani kwamba mpwa wake alikuwa mwalimu Ujerumani. Ile sehemu ya katuni anairuka.

Jumamosi tunaanza kofia mpya kibarazani kwetu, Mtanda, saa tisa alasiri. Njoo na wembe mpya na ndala zako zilizokatika, zilizooshwa tafadhali, mara iliyopita tulikaa na harufu hadi magharibi. Mkaa na gundi vipo. Walio chini ya miaka kumi waje na mtu mkubwa, kwa sababu ya jiko. Korosho mwaka huu hazitolewi, bei imekuwa nzuri mama amezipeleka ghalani zote.