Usiagize huyo samaki kabla hujasoma gramu

Mkuu, subiri kwanza! Umeuliza uanze na supu ipi ukifika Moscow, halafu ukamalizia kwamba utakula sterlyad mzima, yule samaki wa mtoni, kwa sababu menyu inasema rubli 450. Hiyo si bei ya samaki. Tazama pembeni ya namba, mara nyingi kwa herufi ndogo: «за 100 г». Ni rubli 450 kwa kila gramu 100. Sterlyad wa gramu 800 anafika rubli 3,600, na sehemu nyingi humpima akiwa mbichi, na kichwa chake. Akiiva anasinyaa, bili haisinyai.

Nililipa bei hiyo kwa kumsikiliza mtembeza wageni aliyeapa kwamba bei ya menyu ni ya sahani nzima. Watu hawa wananiudhi mno, wanatoa uhakika kwa kitu ambacho hawajawahi kukilipia!

Samaki mzima na kaa wa Kamchatka ndio wenye mtego huu zaidi, na nyama za kuchoma wakati mwingine. Kabla hajapelekwa jikoni, mwambie mhudumu ampime, kisha uliza «Skolko budet vsego?», yaani jumla itakuwa ngapi. Aiandike kwenye karatasi. Akikujibu kwa kukadiria, usiitikie.

Sahani nyingine nazo soma gramu kwanza, bei baadaye. Pelmeni, yaani vidonge vya unga vyenye nyama ndani, zikiandikwa 200/30, ni gramu 200 za pelmeni na 30 za smetana, krimu chachu ya kuchovyea. Nyama ikiwa na namba moja tu, kwa kawaida inakuja peke yake, viazi unalipia mbali. Hata vodka huagizwa kwa gramu, 50 ni glasi moja ndogo.

Supu anza na borsch, ile ya viazisukari vyekundu (beetroot). Kama huli nguruwe, solyanka, supu ya nyama mchanganyiko, iache, na pelmeni uliza kama zina «svinina», maana nyingi huchanganya nguruwe na ng'ombe.

Beba rubli taslimu. Tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi kule. Siku za kazi mchana tafuta «бизнес-ланч»: saladi, supu na chakula kikuu kwa bei moja, hakuna mizani. Au ingia stolovaya, mkahawa wa kujihudumia, unachukua sinia na kuonyesha unachotaka. Ila hata humo, saladi ikiwa na «за 100 г», pakua kijiko kimoja, ipimwe, ndipo uongeze.