Muuguzi kuandika mofini Uganda: anaruhusiwa

Anaruhusiwa, ndugu. Wapo wanaosema mofini (dawa kali ya kutuliza maumivu) huandikwa na daktari tu, lakini kwa Uganda sheria ilibadilishwa mwaka 2004: muuguzi au tabibu (mtaalamu wa tiba asiye daktari kamili) aliyesomea tiba shufaa, yaani matunzo ya kuwapunguzia maumivu wenye magonjwa mazito, anaandika mwenyewe mofini ya kunywa, hata akiwa sebuleni kwa mgonjwa kule kijijini. Sababu yenyewe ni rahisi. Madaktari ni wachache na maumivu ya saratani hayangoji mtu apate nauli ya kwenda Kampala.

Nami ni muuguzi, kazi hii naifanya huku huku. Dawa ni unga unaochanganywa na maji, hutiwa rangi ili nguvu yake isichanganywe: ya kijani ni hafifu, miligramu 5 kwa mililita 5, nyekundu ina mara kumi yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kiasi, namwambia mama wa nyumba anionyeshe chupa. Mgonjwa hailipii.

Na dawa ya kulainisha choo tunaianza siku hiyo hiyo, maana mofini hufunga choo vibaya sana. Ikikosekana, mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa husaidia (wageni hudhani natania).

Ila usielewe kwamba kila mwenye sare nyeupe anaweza. Muuguzi wa kawaida asiye na mafunzo hayo haruhusiwi kuiandika, hata awe na miaka 20 wodini.